Ndimu za Shangazi Tafida

Leiden, Uholanzi
22 Septemba 1985

Shangazi yangu Tafida,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, na ulipo napajua: umekaa kizingitini, miguu umeiinua kuku wasikudonoe, na bahasha umeipasua kwa kisu cha kumenyea mboga ya khurshufi. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Baridi imeshaingia na bado wenyewe wanasema hii si baridi. Nimenunua koti zito la rangi ya kijani ambalo ungeliona ungesema limeshonwa kwa blanketi la punda. Nisalimie Mama Shalabi na nyati wake wa kukamua. Je, baba ameandika kutoka Baghdadi? Kwangu kimya tangu mwezi wa sita.

Haya, nije kwenye neno lenyewe. Siku ile ya kuondoka uliniuliza, "Huko wanakupeleka ukasome nini hasa?" Nikakujibu, "Kichocho." Ukacheka mpaka mtandio ukadondoka. "Unavuka bahari kufuata kichocho, na mfereji uko nyuma ya nyumba!" Kijiji kizima kikacheka nawe, nami nikapanda gari nimenuna.

Leo nakujibu kwa adabu. Shangazi, mimi nasoma ganda la yai. Mnyoo wa kichocho cha tumbo anaishi ndani ya mishipa ya damu, jirani na ini. Dume ana mwili uliokunjika kama mkate uliokunjiwa jibini, na jike anaishi humo ndani ya mkunjo, wamekumbatiana miaka na miaka. Jike asipopata dume wa kumkumbatia hapevuki wala hatagi. Akimpata, anataga usiku na mchana. Wao wenyewe hawana madhara makubwa. Madhara yako kwenye mayai, maana mengi hayapati njia ya kutoka, yanachukuliwa na damu mpaka ini na kukwama huko. Mimi kazi yangu ni kuangalia lile ganda linavyojengwa, linaanzaje laini na linagandaje.

Ndiyo hivyo. Nakaa mbele ya darubini kuanzia asubuhi, na jioni natembea kando ya mifereji yao. Hapa kuna mifereji kila mtaa, Shangazi, na hakuna mwanamke hata mmoja anayefua. Maji yamekaa tu, yanaangaliwa.

Ule vizuri. Uniandikie mwenyewe kwa mkono wako, usimpe mwalimu akuandikie. Yeye anasahihisha na mimi nataka makosa yako.

Wako,
Inshirahi

*

Kafr Nawar
20 Oktoba 1985

Kwa binti wa kaka yangu, Inshirahi, msomi wa mayai,

Wa alaykum salaam, na salamu yako nimeipokea na kuiweka kifuani, pamoja na barua, mpaka jasho likaifuta mistari miwili. Sisi wote wazima. Nyati wa Mama Shalabi kazaa dume, kanuna yeye na nyati wake. Kaka yangu Bayumi kaandika mara moja, anasema Baghdadi ni vita na vumbi, anasema atakuja akimaliza, hasemi akimaliza nini. Mahindi tumevuna. Mkono wangu unaandika polepole, si unajua mwanafunzi wa ngumbaru, niliingia darasani mvi zimeshaota.

Sasa wee mtoto, umenichekesha mpaka mbavu zikauma. Kumbe hata mnyoo ana mume! Nimewasomea wanawake mferejini. Nikawaambia, miaka yote mnanisema Tafida hakuolewa, Tafida alichagua nazi akapata koroma, Tafida hata koroma hakupata. Kumbe ndani yangu kulikuwa na ndoa zimetulia kuliko zenu zote, hakuna kununiana wala kutishiana talaka! Mama Shalabi nusura adondoshe sufuria. Akasema, "Basi umewafungisha ndoa watu usiowajua." Nikamwambia, angalau wangu wanakumbatiana.

Lakini wale ndoa yao ilikwisha. Mwaka jana walikuja watu wa zahanati na vidonge, nikavimeza vyote mbele ya dokta, kichwa kikazunguka siku nzima. Mungu awarehemu, waliishi vizuri.

Ila nikuulize, wewe unayejua. Mnyoo akifa, mayai yaliyokwama yanakwenda wapi? Nauliza tu.

Najua utaniuliza, "Shangazi, bado unafulia mferejini?" Ndiyo, bado. Bomba wameliweka barabarani, mbele ya duka, wanaume wote macho kodo. Na maji yake hayatoi povu. Shuka unaifua inatoka na rangi ya kijivu kama mtu asiyelala. Halafu bombani hakuna habari. Unajaza ndoo yako, unaondoka. Mimi bila habari nitaishi na nani? Nyumba hii ukiondoa sauti yako imebaki na sauti ya kuku.

Lakini usije ukadhani ninalalamika. Usije wala usifikirie kuja. Maliza ulichokifuata.

Shangazi yako,
Tafida

*

Leiden
14 Novemba 1985

Shangazi yangu mwenye ndoa nyingi,

Barua yako nimeisoma ndani ya basi, nikacheka peke yangu, bibi mmoja akahama kiti. Hapa kucheka peke yako ni ugonjwa. Natumaini hii itakukuta mzima, na mkate wa Ijumaa umetoka tanurini. Jana nilipita mbele ya duka la mikate nikasimama tu, nikavuta harufu, mwenye duka akadhani nataka kununua. Haukuwa wenyewe. Mkate wao hauna ule moshi wa mabua. Nilirudi chumbani nikalia kidogo, halafu nikaosha uso nikaendelea na kazi.

Kazi inakwenda. Ngoja nikueleze kwa lugha ya jikoni kwetu.

Unapomenya khurshufi, ukabandua yale magamba yake magumu, ukifika kwenye moyo wake mweupe na kisu kikaugusa, si unaanza kugeuka rangi papo hapo? Kwanza njano, kisha kahawia, kisha mweusi, na vidole vyako vyeusi wiki nzima. Basi ndani ya khurshufi mna kitu, wataalamu wanakiita kimeng'enya, neno hilo usijaribu kulitamka, una meno machache. Hicho kinafanya utomvu ushikane na hewa na kubadilika. Mnyoo jike naye anacho cha ukoo huohuo. Anapolizungushia yai lake ganda, ganda linatoka laini na jeupe kama moyo wa khurshufi. Kisha kimeng'enya kinalifanyia kazi, nyuzi zake zinashikana, zinafungana, ganda linageuka kahawia na kuwa gumu, kama ngozi ya mbuzi inavyokolezwa dawa na mafundi wa ngozi.

Na wewe khurshufi unaizuiaje isigeuke nyeusi? Unaipaka ndimu. Mimi nami natafuta ndimu ya mnyoo! Kile kimeng'enya hakifanyi kazi bila chembe ya shaba; nimepata dawa inayokinyang'anya ile shaba. Wiki iliyopita nimeitia kwenye bakuli la minyoo hai. Wakataga mayai meupe, laini, yaliyobonyea, yasiyoweza kusimama. Niliruka pale kitini. Marijke, msichana tunayefanya naye utafiti huu, ambaye pia hulisha wanyama wa maabara, akakimbia kuja kuona nimeungua wapi. Profesa alivua miwani akaifuta, na kwake hiyo ni vigelegele.

Mwaka huu Maulidi itanikuta huku. Umeninunulia bibi harusi wa sukari, yule mwanasesere wa kila Maulidi, au umesema huyu ameshakuwa mkubwa?

Nakukumbuka, Shangazi. Ningekuwa na njia ningekuja nikalala siku moja tu nyuma ya mgongo wako, nikarudi.

Wako,
Inshirahi

*

Kafr Nawar
5 Desemba 1985

Inshirahi, kipenzi changu,

Nakuandikia mvua inanyesha na paa la zizi linavuja. Sote tunakusalimu. Bibi harusi wa sukari nimekununulia, mwekundu, ana vipepeo vya karatasi vitatu mgongoni, nimemweka juu ya kabati pamoja na wa mwaka juzi na wa mwaka jana. Wa mwaka juzi sisimizi wamemla mguu, amesimama kwa kuegemea mwenzake. Mkubwa kwa nani? Ukiwa na mvi nitakununulia.

Ile habari ya ndimu, mwanangu, nimeifurahia kuliko zote. Mambo mengine unayoyaandika nayasoma mara tatu yananipita, lakini hili nimelishika. Sasa ninakunywa ndimu kila asubuhi, nzima, kavu, bila sukari, kabla sijafungua kinywa kwa mtu. Nimewaambia na wenzangu. Nimesema, mwana wa kaka yangu, aliyesomea Uholanzi kwa minyoo hai, amegundua ndimu inazuia yai lisigande. Sasa ungeona! Kila mwanamke kabla hajaingia mfereji anakamua ndimu kinywani, anakunja uso, anaingia maji mpaka mapajani. Hata wale waliokuwa wameanza kwenda bombani wamerudi. Raha imerudi mferejini kama zamani. Mama Shalabi anakuombea dua, anasema umetuokoa na foleni.

Mimi mzima. Ila nimenenepa. Usicheke. Miguu myembamba vilevile na mikono imekonda, lakini tumbo limekuja mbele mpaka gauni la buluu halifungi. Wanawake wamepata la kusema. "Tafida, utatuzalia lini? Baba yake nani, yule muuza mafuta ya taa?" Nawaambia nina mimba ya minyoo, na jina nimeshachagua. Tunacheka basi.

Juzi nilitapika. Si kitu. Kilikuwa cheusi kama machicha ya kahawa, ni yale mabiringanya ya Mama Shalabi, anayakaanga kwenye mafuta ya tangu enzi za mfalme. Nikanywa ndimu nikalala.

Msimu wa khurshufi umeanza. Ya kwanza nimeimenya nikaila peke yangu, na nikakuwekea sehemu yako sahanini bila kufikiri. Nikaiangalia mpaka ikageuka nyeusi.

Usije. Soma.

Tafida wako

*

Leiden
2 Januari 1986

Shangazi,

Nisamehe sikuanza kwa salamu ndefu. Barua yako imefika leo mchana na sijavua koti.

Acha ndimu. Waambie wote waache, leo hiihii, kabla hujamaliza kusoma. Ndimu ulikuwa mfano! Nilikuwa nakutania kwa mambo ya jikoni ili upate kuniona ninavyofanya kazi. Dawa niliyoitumia mimi si ndimu, na ipo bakulini tu, na hata panya wa maabara tukimpa anakufa kabla ya mnyoo. Mtu akinywa ndimu pipa zima akaingia mfereji, kichocho kinaingia mwilini vilevile, kinapenya kwenye ngozi ya mguu, hakipiti kinywani. Wapeleke bombani, Shangazi. Waambie Inshirahi amesema, na wakikataa waambie Inshirahi ni mpumbavu, mradi watoke kwenye maji.

Sasa wewe. Swali lako la mwezi wa kumi nililiruka. Uliniuliza mnyoo akifa mayai yanakwenda wapi, nami nikakuandikia habari za mikate. Nililiruka kwa sababu jibu lake sikutaka liandikwe na mkono wangu. Hayaendi popote. Vidonge vinaua mnyoo, haviyeyushi ganda. Ganda likishaganda, mwili hauna cha kulifanya. Linabaki ndani ya ini, na mwili unalizungushia kovu, na kovu likizidi damu inakosa njia ya kupita kwenye ini, inatafuta njia nyingine, inavimbisha mishipa ya koo la chakula. Kazi yangu yote ni ya kuzuia ganda la kesho. La jana siliwezi. Hakuna anayeliweza.

Na tumbo lako halijanenepa, ni maji. Na kile cheusi si mabiringanya. Ni damu. Umeniandikia kwa kicheko nami nimekisoma kicheko chako kama karatasi ya hospitali.

Lakini ile mishipa inayovuja madokta wanaweza kuifunga. Hiyo inawezekana, pale mjini Damanhur wanaifanya, na maji ya tumbo yanapunguzwa kwa dawa. Mtu huishi miaka mingi baada ya hapo. Nenda hospitali. Nenda kesho. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi kifo humuumbua. Kisije kikakuumbua, nakuomba. Sina mwingine.

Inshirahi

*

Leiden
3 Februari 1986

Shangazi,

Mwezi umepita. Nimepiga simu nyumbani kwa mkuu wa kijiji mara mbili. Mara ya kwanza akapokea mtoto akalia. Mara ya pili mtu mzima akasema, "Tafida yupo, nimemwona asubuhi," simu ikakatika. Yupo wapi? Kitandani? Mferejini? Umekwenda hospitali au hukwenda?

Nina hasira nawe. Uliyenilea na kunifundisha kujibu nikiitwa ni wewe.

Jibu.

Inshirahi

*

Kafr Nawar
15 Februari 1986

Mwanangu Inshirahi,

Salamu na ziwe za kutosha, maana za mwezi mzima nimezikusanya hapa. Barua zako mbili ziko chini ya mto. Usinihamakie, mkono ulikuwa hauna nguvu, na mwalimu nilikataa kumwita kama ulivyoniagiza. Baba yako hana habari na usimpe, hana la kufanya huko aliko ila kulia mbele ya wageni.

Kwanza wanawake. Nimewaambia. Mama Shalabi kanisonya mpaka jirani wa tatu akasikia. "Jana ndimu dawa, leo ndimu si dawa, huyo mtoto wenu anasoma au anacheza bahati nasibu?" Lakini amekwenda bombani, na akienda yeye wote wanakwenda, kwa hiyo habari nazo zimehamia bombani. Mwenye duka anakoma. Sasa anaambiwa geuka huko watu wateke maji.

Sasa mimi. Unadhani sikujua? Khurshufi nimeanza kuzimenya mguuni kwa bibi yako, kisu kikinizidi mkono. Mtoto yeyote wa hapa anajua ndimu hupakwa moyo ungali mweupe. Ukishakuwa mweusi hata uutumbukize kwenye kisima cha ndimu, mweusi ni mweusi. Nilijua ndimu hazinisaidii. Wale wengine ndio nimewapotosha, na hilo namwomba Mungu anisamehe. Mimi mwenyewe nilikunywa kwa sababu nyingine. Tangu uondoke unaniandikia vitu visivyoshikika, darubini, sijui koti la kijani, sijui mtaa gani. Hii ndimu ilikuwa mkononi mwangu. Nikiinywa asubuhi nasema, hii imetoka kwa Inshirahi. Hapo nilikuwa kama nakunywa nawe chai.

Na hospitali nilikwenda, mwanangu. Sasa nikwambie lote. Nilikwenda mwezi wa kumi, kabla sijakuandikia lile swali. Niliwaambia watu nakwenda sokoni Damanhur kuangalia bata. Dokta akanibonyeza tumbo, akaangalia macho, akasema, "Mama, unalazwa." Sawa, nikapelekwa wodini. Kitanda kizuri, dirisha zuri. Nikaangalia huku na huku. Kila mgonjwa ana wake. Huyu binti yake anampepea, yule mkwewe anampigia kelele nesi, na chini ya kila kitanda kuna mkeka, sufuria, kandambili, mtu kalala. Si unajua hospitali zetu, bila mtu wako chini ya kitanda hata maji ya kunywa utayaota ndotoni. Nesi akaja, akaniuliza mbele ya wote, "Nani anakuuguza, mama? Binti yako yuko wapi?"

Inshirahi, nimetukanwa mferejini miaka thelathini na sijawahi kukosa jibu. Siku ile nilikosa. Wote wakageuka wananisikiliza. Nikasema nimesahau kitu nje. Nikachukua kifurushi changu nikatoka, nikapanda gari nikarudi, na bata nikanunua kweli, nisije nikaulizwa.

Usiseme Mama Shalabi aje. Ana watoto saba na nyati. Na nikifa akiwepo ataisimulia kila siku akiniongezea maneno.

Wanasema asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi jiwe langu nimelibeba mbele, si mgongoni, basi. Nimezoea. Ningekuita ungekuja, nakujua, na mayai yako meupe yangebaki huko bakulini bila mtu. Ndiyo maana kila barua niliandika usije. Sitaki kuwa sababu. Soma, mwanangu. Mimi nipo nipo.

Tafida

*

Leiden
27 Februari 1986

Mama,

Nakuita hivyo kuanzia leo, na ukikataa utanikataa usoni.

Nimemwambia profesa. Akavua miwani, safari hii hakuifuta. Alisema tumebakiza miezi minne, nikiondoka sasa minyoo hawasubiri na nafasi yangu hana ahadi nayo. Kazi itabidi aimalize Marijke, na jina lake litatangulia langu kwenye makala. Nikasema na litangulie. Marijke ndiye aliyelia. Nimemwachia daftari zangu, bakuli zangu, na lile koti la kijani, linamkaa kuliko mimi. Nikiweza kurudi nitarudi. Nisipoweza, ganda la yai litagunduliwa na mwingine, minyoo hawachagui msomi. Usianze kunigombeza, tiketi imeshakatwa. Ninafika tarehe ishirini na moja mwezi wa tatu, siku hiyohiyo nachukua gari la Damanhur.

Lakini mishipa yako haitasubiri tarehe zangu. Nenda sasa. Chukua kifurushi chako, mwambie Mama Shalabi akupeleke mpaka mlangoni arudi kwa nyati wake. Ingia wodini. Nesi akikuuliza nani anakuuguza, jibu kwa sauti wasikie wote, na kitanda cha mwisho kisikie: "Binti yangu. Yuko njiani."

Siku ile uliondoka kwa sababu ulidhani hapana mtu. Palikuwa na mtu, Mama. Alikuwa amekaa Uholanzi anahesabu mayai ya watu.

Mwanao,
Inshirahi

*

Hospitali, Damanhur
14 Machi 1986

Inshirahi,

Sijui kama hii itakukuta. Kama umeshaondoka basi Marijke na aifungue, ajifunze Kiarabu, na amsalimie profesa wake wa miwani.

Barua yako ilifika asubuhi, mchana nikawa hapa. Mama Shalabi alinileta, hakuishia mlangoni kama ulivyosema, aliingia mpaka ndani akagombana na nesi kuhusu shuka, ndipo akaondoka. Kaniachia bakuli la mabiringanya. Nimempa paka wa hospitali, naye ameyanusa akaondoka zake.

Dokta ni kijana, ana adabu. Maji ya tumbo wameanza kuyapunguza. Koo wameliangalia kwa mpira mrefu, sitaki kukumbuka. Mishipa miwili wameshaifunga, wamesema iliyobaki wataifunga wiki ijayo nikipata nguvu. Nimemuuliza kuhusu maganda yaliyomo ndani ya ini. Akasema, "Hayo tutaishi nayo, mama." Nikamwambia, najua, nimeshaambiwa na dokta wangu.

Nesi ni yuleyule. Akaja na sauti ileile, "Nani anakuuguza, mama?" Wodi nzima ikageuka vilevile. Nikakaa kitako. Nikasema, "Binti yangu. Yuko njiani, anatoka Uholanzi." Akaniangalia, akasema, "Haya, akija aje na mkeka." Usisahau mkeka. Usinunue huko, utakuwa mwembamba.

Nimeandika usije, usije, barua zote hizo, na kila nikiandika mkono ulikuwa mzito. Leo ni mwepesi. Njoo, mwanangu. Njoo upesi. Nina hamu nawe mpaka naogopa kulala.

Kitanda cha jirani kuna bibi mmoja kutoka mji wa Rashidi, ana mabinti watatu na vitu vingi. Jana jioni walijaa, wakaanza kusukuma makapu yao chini ya kitanda changu. Mmoja akaniambia, "Mama, hapa chini si pa wazi tu?" Nikawaambia watoe yote, na ile kandambili pia. Nikawaambia hapo pana mwenyewe.

Mama yako,
Tafida